Maoni: Mbele ya kumwaga kasiksi, mamlaka ijue kwanza chachu inakula nini

Mwezi wa Juni 2025, kampuni ya Heineken, yenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa majengo yake ya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi waliokuwa wamebaki pale. Miezi mine mbele ya tangazo hilo, kiwanda cha Bukavu kilikuwa kimeporwa, na video za watu wanaotoka na bia kichwani zilizunguka katika simu za dunia yote. Tangu siku hizo, mazungumzo juu ya kinywaji mashariki mwa Congo yanarudi kila mara kwa kitu kimoja: bei ya Primus. Ni wachache wanaozungumuza juu ya kinywaji ambacho vita haikukisimamisha. Katika Kabare, Walungu, Kalehe na Masisi, kasiksi inaendelea kukamuliwa. Lutuku inaendelea kutona nyuma ya nyumba. Wanaofanya kazi hiyo, wengi wao ni wamama, na franga zinazotoka katika bidoni zao ndizo zinalipa masomo ya watoto, dawa na kodi ya nyumba.

Kwa mamlaka, kazi hiyo yote ina jina moja tu: pombe ya kienyeji. Mara kwa mara, katika muji huu ao ule, tangazo linasomwa kwamba pombe ya kienyeji ni marufuku. Bidoni zinamwagwa barabarani, faini inatozwa, pengine bila risiti, na kiisha majuma mawili kazi inaanza tena, lakini usiku na kwa kujificha. Ubaya wa matangazo ya namna hiyo si ukali wake. Ubaya ni kwamba yanatia katika mufuko mumoja vinywaji vitatu ao vine visivyofanana, ambavyo hatari ya kila kimoja inatoka fasi yake. Ili kuvitenganisha, inafaa kujua jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa chimi na biolojia anapaswa kulijua: chachu inakula sukari gani, na inaiingiza ndani ya mwili wake kwa njia gani.

Chachu, ile ambayo watengenezaji wa mikate wanaiita levire, ni kiumbe cha seli moja. Wataalamu wanaiita Saccharomyces cerevisiae. Haina mudomo, haina tumbo. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, na sukari haiwezi kupita katika mafuta. Kwa hiyo chachu imejiwekea milango katika utando huo, milango ya proteini, ya aina zinazokaribia 20. Glukozi na fruktozi, ambazo ni sukari ndogo, zinapita mule bila chachu kutumia nguvu: ikiwa sukari ni nyingi inje kuliko ndani, inaingia yenyewe, kama vile watu wanavyomiminika kutoka katika kanisa lililojaa. Wakati sukari ni nyingi, chachu inafungua milango mipana. Wakati sukari inapunguka, inafunga hiyo na kutoa milango mingine, yenye kushika hata kidogo kilichobaki.

Sukari ikisha kuingia, inakatwakatwa. Hesabu yake inajulikana: gramu 180 za glukozi zinatoa gramu 92 za alkoli na gramu 88 za gazi kaboniki, ile inayofanya povu juu ya mutungi. Kwa kazi ya kweli alkoli inakuwa kidogo kuliko hiyo, kwa sababu chachu nayo inajilisha. Louis Pasteur alionyesha kwa Wafaransa, miaka ya 1850 na 1860, kwamba kazi hiyo inafanywa na kiumbe chenye uzima. Mujerumani Eduard Buchner, mwaka wa 1897, alionyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa katika chachu iliyosagwa yanaweza kugeuza sukari kuwa alkoli, na mwaka wa 1907 akapewa zawadi ya Nobel. Majina hayo mawili wanafunzi wa Bukavu na Butembo wanayajifunza kwa kichwa. Jina la kasiksi haliko katika daftari lao.

Na kumbe kasiksi ndiyo somo lenyewe. Ndizi mbichi imejaa wanga. Wanga ni sukari zilizoshikamana kwa minyororo mirefu sana, na hakuna mulango wa chachu unaoweza kuipitisha. Chachu hii haina pia chombo cha kuikata. Mutu akikamua ndizi mbichi na kungoja juma nzima, hatapata pombe. Ndiyo maana wazee walichimba shimo, wakalipasha moto, wakapanga ndizi ndani, wakafunika na migomba na udongo kwa siku kadhaa. Joto na moshi vinaharakisha ndizi kuiva, na ndizi yenyewe, kwa vimeng'enya vyake, inakata wanga wake na kuugeuza kuwa sakarozi, glukozi na fruktozi. Kiisha hapo inakamuliwa pamoja na majani, mutobe unatoka, unachujwa, unaongezewa maji, na juu yake unatiwa unga wa mutama uliokaangwa. Wasomi fulani wanapenda kusema kwamba hiyo ni desturi tu. Hapana. Kila hatua hapo ina kazi yake, na mutu akiiruka, kinywaji kinaharibika.

Sakarozi, ile sukari ya sokoni na ya muwa, ni kubwa kidogo kwa ile milango ya glukozi. Chachu inaishugulikia kwa njia ya ajabu: inatuma kimeng'enya chake, envertazi, mupaka inje ya utando, na kinaikata sakarozi vipande viwili, glukozi moja na fruktozi moja, kabla havijaingia. Kwa sababu kazi hiyo inafanyika kwenye kizingiti, sehemu kubwa ya sukari iliyokatwa inaponyoka na kuliwa na majirani, pamoja na vijidudu ambavyo havikufanya kazi yoyote. Wagemaji wa malafu wa Maniema wanaona matokeo yake kila asubui: maji ya mungazi yana sakarozi nyingi, na kwa kuwa vijidudu vya kila namna vinajilisha pale, malafu ya asubui ni tamu, ya muchana ni kali, na ya kesho yake ni chachu ya kutia uso mikunjo.

Katika mutungi wa kasiksi, sukari mbili zinashindania milango ileile, na glukozi inapita mbele. Fruktozi inabaki nyuma. Na fruktozi ni tamu kuliko glukozi. Kwa hiyo kasiksi iliyosimama mapema, kwa baridi ya usiku ao kwa kukosa nguvu, inabaki na utamu. Muteja anafikiri muuzaji ametia sukari, muuzaji anaapa kwamba hakutia kitu, na wote wawili wana haki ya kushangaa. Mabishano hayo yameharibu urafiki mwingi katika buvete za vijijini, na jibu lake liko katika ukurasa mumoja wa kitabu cha biolojia.

Hapa ndipo mamlaka ingepaswa kuanza kutenganisha. Alkoli ya kasiksi haiwezi kupita kile ambacho sukari ya ndizi inaruhusu. Ikiwa lita moja ya mutobe ina gramu 100 za sukari, alkoli yake yote haiwezi kupita gramu 51, hata mutengenezaji akiwa na ufundi namna gani. Hatari ya kasiksi haiko katika nguvu yake. Iko katika maji machafu yanayoongezwa, katika bidoni iliyokuwa na petroli, katika mikono isiyonawishwa, katika muji ambamo kolera inarudi kila mara. Maji yaliyochemshwa na bidoni iliyosafishwa vizuri vinalinda wanywaji kuliko polisi kumi. Na mutungi uliofunikwa vizuri, wenye kuacha gazi itoke bila kuruhusu hewa nyingi iingie, unazuia bakteria zinazogeuza alkoli kuwa siki. Mama anayepoteza lita 40 kwa sababu zimekuwa siki amepoteza mutaji wa mwezi.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Tangu mwaka wa 2001, wakati ugonjwa wa munyauko wa ndizi unaoletwa na bakteria ulipoonekana kwa mara ya kwanza inchini Congo, katika Masisi, migomba mingi ya Kivu zote mbili imekufa ao imengolewa. Ndizi za pombe zimepunguka, na bei yake imepanda. Wengi wameanza kuziba pengo kwa kutia sukari ya dukani. Wengine wanawaita wadanganyifu. Hilo ni neno gumu kwa mutu aliyepoteza shamba. Chachu yenyewe haibagui sakarozi ya ndizi na sakarozi ya gunia.

Lakini sukari ya gunia ina mutego wake, na hapa ujuzi wa milango ni faida ya franga. Mutobe wa ndizi unakuja na sukari pamoja na vyakula vingine ambavyo chachu inahitaji, zaidi sana azoti. Maji yenye sukari tupu hayana kitu hicho. Chachu ikikosa azoti, inaanza kubomoa milango yake yenyewe ya sukari, na pombe inasimama katikati ya njia: sukari iko pale, chachu iko pale, lakini hakuna kinachoingia. Pengine inatoa harufu ya yai lililooza. Tena, sukari ikizidi sana tangu mwanzo, inavuta maji kutoka ndani ya seli, na chachu inachoka mbele ya kuanza. Wanaotengeneza mandazi wanajua jambo hilo bila kulipa jina: unga wenye sukari nyingi unachelewa kuumuka. Mutengenezaji wa kasiksi anayetia kilo tatu kwa mara moja, kiisha anaona pombe imesimama, anaongeza ya ine. Franga zake zinalala ndani ya bidoni. Angetia kidogo kidogo, na angeacha ndizi ya kutosha ndani, angepata kinywaji na angebakisha sukari ya chai ya watoto.

Lutuku ni habari nyingine kabisa. Inaanzia mara nyingi kwa mihogo ao mahindi, yaani kwa wanga, ambao chachu haiwezi kuugusa. Lazima mutu mwingine aukate kwanza. Mutu huyo ni mbegu iliyochipuka. Mahindi yakiloweshwa na kuachwa yachipuke, yanatengeneza amilazi, kimeng'enya kinachokata wanga kwa ajili ya mumea muchanga. Watengenezaji wanayakausha, wanayasaga, na kuyatia katika uji. Wakiyatia katika uji unaochemka, amilazi inakufa na kazi yote inaanguka. Kwa hiyo wanangoja upoe kidogo. Hawana kipimajoto, lakini kiwanda chenye vipimajoto kinafanya jambo hilohilo na shayiri. Katika Katanga, watengenezaji wa munkoyo walipata njia ingine: wanatumia mizizi ya miti fulani ya porini, yenye amilazi ndani yake, na uji muzito wa mahindi unakuwa mwepesi na mutamu mbele ya macho. Munkoyo ikingali changa, hata watoto wanaikunywa. Nani angeiweka katika tangazo moja na lutuku?

Kutoka kwa wanga uliokatwa na amilazi, sukari kubwa inayotoka ni maltozi, glukozi mbili zilizoshikana. Hapa chachu haiwezi kungoja sukari iingie yenyewe. Inapaswa kulipa: mulango wa maltozi unatumia nguvu ya seli, na kila molekuli inayoingia ina bei yake. Ndani, kimeng'enya kingine kinaikata vipande viwili. Na kwa kuwa inagarimu, chachu haiigusi maltozi wakati glukozi ingali nyingi. Mulango wa maltozi unafungwa mupaka ile ya rahisi iishe. Ndiyo sababu uji wa mahindi unatokota kwa nguvu siku ya kwanza, unatulia kama vile umekufa, kiisha unaanza tena. Asiyejua anafikiri umeharibika na anaumwaga, ao anauchoma mapema na kupata lutuku kidogo kwa kuni nyingi. Kwa inchi ambayo makala yamekula misitu mupaka kwenye mipaka ya Hifadhi ya Virunga, kuni zilizochomwa bure si jambo dogo.

Kuhusu vifo, ukweli unapaswa kusemwa bila kufunika. Lutuku inaua. Inaua pole pole kwa maini yaliyoharibika, inaua haraka kwa ajali na mapigano, na wazazi wanaoomba ikomeshwe katika kartie zao wanajua wanachosema. Lakini wakati watu kumi wanapofuka macho na kufa kwa usiku mumoja, mara nyingi chachu haina kosa. Chachu haigeuzi sukari kuwa metanoli. Metanoli kidogo inatoka katika pektini ya matunda, na ndiyo maana pombe kali ya ndizi inakuwa nayo kuliko ile ya mahindi. Metanoli inayoua watu kwa wingi ni ile ya viwandani, inayotiwa na mufanyabiashara ili kuongeza nguvu na wingi kwa bei ndogo. Mwilini inageuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Kumwaga matone ya kwanza, kama wengi wanavyofanya, kunapunguza baazi ya vitu vibaya, lakini hakuokoi lutuku iliyochanganywa. Kuna pia sumu ya risasi, inayotoka katika radiatere za magari na mabomba yaliyounganishwa kwa risasi, ambayo wengine wanatumia kupoza mvuke.

Kwa hiyo mutu wa kutafutwa si mama mwenye mutungi wa kasiksi chini ya mugomba. Ni yule anayeingiza alkoli ya viwandani katika pipa lisilo na jina na kuigawa kwa wauzaji wa lutuku. Kumupata kunaomba kazi: kufuata bidhaa kwenye mipaka, kupima, kuandika. Shirika la OCC lina kazi ya kupima bidhaa, na watumishi wa afya wa kila eneo wanajua ni nani analetwa hospitali akilalamika kwamba haoni. Kumwaga kasiksi barabarani hakuombi lolote kati ya hayo. Pengine ndiyo sababu kunapendwa.

Wengine watasema kwamba kumufundisha mutengenezaji namna chachu inavyokula ni kumusaidia kulewesha vijana. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba kinywaji kiko tayari, na kitakuwepo kesho, na wale vijana wanakikunywa pasipo mutu yeyote kujua ndani yake mna nini. Bralima ilipokuwa inafanya kazi Bukavu, hakuna aliyesema kwamba watu wa maabara wanaopima maltozi yake wanalewesha vijana. Waliitwa wataalamu. Mama wa Walungu anayejua, kwa kidole chake, ni wakati gani uji umepoa vya kutosha kwa kutia mahindi yaliyochipuka, anaitwa muvunja sheria.

Vyombo vya kubadilisha hali hiyo haviko mbali. Katika Kabare kuna Kituo cha Utafiti wa Sayansi cha Lwiro, kilichoanzishwa wakati wa ukoloni, mwaka wa 1947, na jirani yake INERA Mulungu, ambayo kazi yake ni mashamba. Bukavu, Goma, Butembo na Bunia zina vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa kilimo na biolojia wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo. Chombo cha kupima uzito wa mutobe, ambacho kinaonyesha sukari imebaki kiasi gani, ni bomba la kioo lisilohitaji umeme. Mwanafunzi mumoja na chombo hicho, kwa miezi miwili ya kiangazi, katika soko moja ya kasiksi, wangeweza kuandika mambo ambayo hakuna ofisi ya jimbo iliyo nayo leo: sukari ya mwanzo, sukari ya mwisho, maji yaliyotoka wapi, bidoni gani ilitumiwa.

Na mwalimu wa chimi naye hana haja ya kungoja maabara. Chupa tatu na mipira mitatu ya kuchezea zinatosha. Katika ya kwanza anatia chachu na maji ya sukari. Katika ya pili, chachu na uji wa mihogo. Katika ya tatu, chachu na uji uleule uliotiwa unga wa mahindi yaliyochipuka ukiwa vuguvugu. Anafunga mipira kwenye midomo ya chupa na kuziweka dirishani. Mbele ya saa ya kurudi nyumbani, wanafunzi wataona mupira gani umejaa gazi na gani umebaki umelala. Wale ambao mama zao wanakamua kasiksi watakuwa wameshajua jibu, na kwa mara moja watakuwa wa kwanza kunyoosha mukono.